Mwajiri, Mwite Wakili Kabla ya Kuandika Barua ya Kuachisha Kazi

Waajiri wengi ninaowatetea mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi Tanzania, hunijia wakiwa wamekwisha kutoa barua ya kuachisha kazi, na huniuliza inawezekanaje washtakiwe na mtu aliyewaibia. Huwaeleza kwamba, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi hadaiwi kuthibitisha kuwa hakuiba, bali mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kuwa alikuwa na sababu halali na ya haki, na kwamba alifuata utaratibu.

Kwenye utaratibu ndiko mashauri mengi ninayoyapokea huharibikia. Katika kampuni moja ya vifaa vya ujenzi, mtunza stoo alikutwa na upungufu wa saruji. Meneja aliyeugundua ndiye aliyeandika mashtaka, akaongoza kikao cha nidhamu kesho yake asubuhi, kisha akasaini barua. Hesabu zilionyesha wazi kuwa upungufu ulikuwepo. Hata hivyo, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka mfanyakazi apewe muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida haupungui saa 48, aruhusiwe kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, na asikilizwe na mwenyekiti asiyehusika na tukio. Yote hayo yalikosekana, nami nikamshauri mteja wangu akubali kulipa katika hatua ya usuluhishi kuliko kusubiri tuzo, yaani uamuzi wa Tume.

Wapo wanaodhani watakwepa haya kwa kumshinikiza mfanyakazi ajiuzulu. Nawasihi wasijaribu, kwa sababu anayejiuzulu baada ya mwajiri kuyafanya mazingira ya kazi yasivumilike huhesabiwa na sheria kuwa ameachishwa.

Sitoi ushauri huu ili watu wafukuzwe kwa wepesi. Mfanyakazi akisikilizwa vizuri, mara nyingine hubainika hana kosa, na siku hiyo nami huwa nimemtumikia mteja wangu ipasavyo.

Mfanyakazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi mbele ya Tume, lakini ushahidi wa mwajiri hutengenezwa kabla ya hapo, ndani ya kikao chenyewe. Mwandishi wa muhtasari awepo tangu mwanzo, mashahidi waulizwe maswali mbele ya mtuhumiwa, naye asaini kila ukurasa. Akikataa, iandikwe kwamba amekataa, na aliyeshuhudia aweke saini yake.