Je, tamthilia ya 1895 bado inachekesha?
Ndugu, umeuliza kama The Importance of Being Earnest ya Oscar Wilde, iliyochezwa mara ya kwanza London tarehe 14 Februari 1895, bado inachekesha. Inachekesha sana! National Theatre, jumba la maigizo la London, waliirudisha jukwaani 2024, na mhusika Algernon akaigizwa na Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda. Katika tamthilia, Algernon anamwandalia shangazi yake sandwichi za matango, anazila zote kabla mama wa watu hajafika, kisha mtumishi wake anamtetea kwa macho makavu: sokoni matango hayakuwepo, hata kwa fedha taslimu. Hapo mimi sina mbavu. Ila mwigizaji asilazimishe kichekesho. Upuuzi ule auseme kwa dhati kabisa, kama anayesoma wosia.