Timu mpya ya kikapu ya wanawake: Lugogo, Mukono au nyumbani Jinja?

SWALI

Habari za kazi. Mimi ni katibu wa kikundi kinachoandaa timu ya kikapu ya wanawake hapa Jinja, na safari hii tunataka wasichana walipwe mshahara, si nauli na soda. Tumegawanyika juu ya uwanja wa nyumbani. Wazee wa kamati wanataka Lugogo, Kampala, kwa kuwa ni ukumbi wa heshima. Wengine wanataka ukumbi wa chuo kimoja Mukono. Mimi natetea uwanja wa shule hapa Walukuba. Ni wa saruji na hauna paa, lakini wenye shule wameturuhusu tuezeke. Mwenzetu mmoja anasema Marekani timu mpya za wanawake zinacheza mbele ya watu elfu kumi na nane, basi tusianze kinyonge. Tuanzie wapi kuchagua?

Katibu, Walukuba

JIBU

Nyabo Katibu, mwenzenu hakusema uongo, ila amesimulia nusu. Golden State Valkyries walipoingia WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani, mwaka 2025 walicheza Chase Center, San Francisco, ukumbi wa watazamaji 18,064, na wakaujaza mechi zote 22 za nyumbani za msimu wa kawaida. Nusu iliyobaki ni hii: Septemba walifuzu hatua ya mtoano, timu mpya ya kwanza kufanya hivyo katika msimu wake wa kwanza, na mechi yao ya nyumbani dhidi ya Minnesota Lynx ikalazimika kuhamia San Jose. Chase Center ilikuwa imeshaahidiwa mashindano ya tenisi ya Laver Cup. Walifungwa 75-74. Sidai kwamba kuhama ndiko kulikowafunga, maana San Jose nako kulijaa. Ila kumbuka kwamba wenye timu ile ndio wenye ukumbi ule, na bado tarehe iliwashinda.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kuhusu uwanja wa nyumbani, naomba kwanza kuona daftari la tarehe za ukumbi. Viti tutavihesabu baadaye.

Ukumbi wa ndani wa Lugogo uko chini ya Baraza la Taifa la Michezo, na hauwezi kuwa wa timu moja. Netiboli inautaka, voliboli inautaka, kikapu cha wanaume kinautaka, na wikendi kuna matamasha na mikutano inayolipa vizuri kuliko ninyi. Ligi yetu nayo imezoea mara nyingi kukusanya mechi kadhaa kwenye uwanja mmoja kwa siku moja, kwa hiyo neno "nyumbani" halijapata uzito wake. Timu inaandikwa mwenyeji kwenye karatasi, lakini jukwaani hakuna anayejua nani mgeni. Mkienda huko mtakuwa wapangaji miongoni mwa wapangaji.

Niliwahi kuishauri timu moja iliyokodi ukumbi wa taasisi (si huo wa Lugogo, na sitautaja). Tulikuwa na risiti mkononi. Tulipofika saa tano asubuhi tukakuta vitambaa vya harusi vimening'inia kwenye ringi na mafundi wa mapambo wakiburuta meza juu ya sakafu ya mbao. Kosa lilikuwa langu pia, kwa sababu mkataba ulisema "Jumamosi" bila saa, na haukusema nani anaondoa viti vya sherehe ya jana. Mechi ilianza na saa mbili za kuchelewa, na wachezaji wakapasha misuli kwenye maegesho.

Basi mkataba wenu, popote mtakapoenda, uandike tarehe zote za msimu kwa siku na saa. Tarehe za akiba kwa mechi zilizoahirishwa. Tarehe za mtoano hata kama hamjui mtafuzu. Na saa za mazoezi kila wiki kwenye sakafu ileile. Hilo la mwisho kamati nyingi hulisahau. Mchezaji anayefanya mazoezi uwanja mmoja na kucheza mwingine hana uwanja wa nyumbani. Ana anwani tu.

WNBA yenyewe ilizaliwa kwa hesabu ya kalenda. Ilianza mwaka 1997 na timu nane, zote mikononi mwa wenye timu za NBA, ligi ya wanaume, zikicheza majira ya joto wakati wanaume wako likizo na kumbi zao zimelala. Nanyi tafuteni ukumbi unalala lini. Hapo ndipo mpango wa Mukono unapoyumba. Ukumbi wa chuo hulala likizo tu. Wakati wa mitihani unajaa madawati, na wakati wa mahafali unajaa wazazi. Kama ratiba ya ligi inaangukia wiki za mitihani, mtahamishwa. Zaidi ya hapo, mashabiki wa Mukono si wenu, na wa Jinja hawatafika. Mukono sina mengi ya kuongeza.

Umbali unastahili maneno zaidi. Mwaka 2018 New York Liberty walitolewa Madison Square Garden, katikati ya jiji, wakapelekwa kwenye ukumbi wa watu wapatao elfu tano huko White Plains, nje ya jiji. Ukumbi mdogo si dhambi, lakini shabiki aliyezoea kushuka treni karibu na mlango hakufuata, na mahudhurio yakaporomoka. Mmiliki mpya wa timu akawarudisha mjini, Barclays Center ya Brooklyn, na mwaka 2024 wakatwaa ubingwa. Sasa tazama ramani yetu. Kutoka Walukuba hadi Lugogo ni kama kilomita 80, na unaujua msongamano wa Lugazi na Mukono. Mama mwenye kibanda sokoni hawezi kufunga kazi saa saba, apite msitu wa Mabira, atazame robo nne, kisha atafute taksi ya kurudi usiku. Mashabiki mnaowategemea ni wanawake na watoto wa shule. Swali lao la kwanza ni "nitarudi vipi?" Mechi ikiisha saa mbili usiku na mlangoni hakuna taa wala boda wanayemwamini, mechi ijayo hawaji.

Kuhusu ukubwa, heshima ya ukumbi mkubwa mtupu ni gharama. Atlanta Dream wanacheza kwenye ukumbi wa watu wapatao 3,500, College Park. Mwaka 2024, Indiana Fever walipokuja na nyota wao Caitlin Clark, mechi ikahamishiwa State Farm Arena na wakaingia watu 17,575. Washington Mystics, ambao nyumbani kwao ni ukumbi wa watu 4,200, walifanya vilevile mwaka huohuo: mechi na Fever katika Capital One Arena ilivuta watu 20,711. Toronto Tempo, timu mpya ya Kanada, nao walichagua Coca-Cola Coliseum, ukumbi wa watu wasiofika elfu tisa, wakati mji huohuo una Scotiabank Arena yenye nafasi maradufu. Kwa hiyo hata kule kwenye pesa wapo wanaolala nyumba ndogo na kukodi kubwa siku ya sherehe. Huo ndio mtindo ningewashauri: msimu mzima Walukuba, na mechi moja au mbili za kuvuta watu mzipeleke Lugogo, zikiwa na tangazo na mdhamini wake.

Tufanye hesabu ya kubuni ili wazee waione. Tuseme mnauza tiketi kwa shilingi 5,000 na mnapata watu 400. Hiyo ni milioni 2. Ukumbi ukiwatoza milioni 1.5 kwa siku, na basi la timu 600,000, mmeshaingia hasara kabla ya waamuzi na maji. Uwanja wa shule mkiupata kwa laki tatu, mnabaki na kitu. Kisha uliza: nani anauza rolex (chapati ya mayai) na soda mlangoni? Mabango ya pembeni ni ya nani? Kwenye kumbi nyingi ni mali ya mwenye ukumbi, nanyi mnabaki na kiingilio peke yake. Shuleni mnaweza kujadiliana vyote vitatu, na ndipo mshahara wa wasichana unapotoka.

Sasa uwanja wenu. Hapa nitakuwa mkali, kwa sababu mapenzi ya nyumbani yanapofusha.

Saruji tupu haifai kwa watu mnaowalipa. Wanawake wanaocheza kikapu huumia kano kuu ya ndani ya goti zaidi ya mara mbili kuliko wanaume, na sakafu yenye vumbi linaloteleza, au inayong'ang'ania kiatu, haisaidii. Kama mbao hazinunuliki sasa, kuna vigae vya plastiki vinavyopachikwa juu ya saruji iliyonyooka. Iliyonyooka, nasema. Mwaga ndoo ya maji muone yanapotuama. Vigae havifichi shimo, vinalifuata. Muwe pia na mtu wa kupiga deki kila mapumziko, kwa sababu upepo wa ziwani utaleta vumbi hata chini ya paa.

Hapa kwetu karibu na ikweta jua huzama upande wa magharibi mwaka mzima, likisogea kaskazini au kusini kiasi tu. Kama ringi zenu zinatazamana mashariki na magharibi, saa kumi na moja jioni mpigaji wa upande mmoja ataona jua tu. Paa bila ukuta halizuii hilo, wala mvua ya kulalia ya Aprili. Wekeni pazia zito au matofali ya matundu upande wa magharibi.

Taa: kipimo cha Ulaya kwa kikapu cha ndani cha ngazi ya juu ni laksi (kizio cha mwanga) 750, ngazi ya kati 500, mazoezi 200. Lengeni 500 kwa kuanzia, na fundi aache nafasi ya kuongeza. Jenereta iwe inawaka kabla ya mechi, si baada ya umeme kukatika, kwa sababu saa ya sekunde 24 za kila shambulio haisubiri mtu atafute dizeli. Vyumba vya kubadilishia nguo viwe viwili, vyenye maji, kufuli na mlango ambao haufungukii jukwaani. Nimeona timu za wanawake zikibadilisha nguo darasani madirisha yamezibwa kwa kanga. Kabla ya kununua kiti hata kimoja, maliza hilo.

Mwisho, paa. Uwanja wenyewe ni mita 28 kwa 15. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, inataka mita 2 zisizo na kizuizi chochote kila upande, hivyo ndani ya nguzo mnahitaji angalau 32 kwa 19, na hapo benchi za timu na meza ya maofisa bado hazijapata mahali. Upande wenye meza ongezeni mita 3 au 4 zaidi. Boriti ya chini kabisa iwe juu kuliko mita 7. Mafundi hupenda kutaja urefu wa kilele cha paa, wewe uliza boriti. Mkitaka kuwakaribisha na watu wa netiboli wachangie gharama, na ningefanya hivyo, kumbukeni uwanja wao ni mkubwa kidogo, mita 30.5 kwa 15.25, ingawa ringi yao iko kimo kilekile cha mita 3.05.

Nenda na tepu ya mita hamsini, wewe na mwalimu wa michezo, mkapime kutoka kwenye mstari hadi kwenye mti au ukuta wa darasa, chochote kilichopo. Mkikosa zile 19 za upana, niandikie kabla fundi hajachimba mashimo ya nguzo.