Kijana mkimya anayependa fizikia: tulivyomtafutia chuo Marekani

Mwanangu wa pili ni wale watoto ambao wageni wakija husalimia, kisha hupotelea chumbani. Ila muulize kwa nini sarafu inayozunguka mezani hupiga kelele kwa kasi zaidi kadiri inavyokaribia kulala. Chai itapoa mkononi mwako.

Alipoingia mwaka wa mwisho wa haiskuli huku Marekani, simu za ndugu zikaanza. Swali lilikuwa lile lile: ameomba Harvard? Niliwajibu kwamba kwa mtoto huyu jina si kitu cha kwanza. Mimi nilitaka kujua nani atamwona asiponyoosha mkono.

Katika vyuo vikuu vikubwa, somo la fizikia la mwaka wa kwanza linaweza kuwa na mamia ya wanafunzi ukumbini, na maswali yakashughulikiwa na wanafunzi wa uzamili. Mtoto mchangamfu atamfuata profesa ofisini. Mkimya atapata alama nzuri tu, amalize miaka minne bila profesa hata mmoja kumfahamu. Hasara yake huonekana akitaka kuendelea na uzamivu, maana huko kwa kawaida huombwa barua tatu za watu wanaoijua kazi yake.

Kwa hiyo tulianza na vyuo vidogo. Harvey Mudd, kule Claremont, California, kina wanafunzi wapatao 900, na wanaweza kuchukua masomo kwenye vyuo jirani. Reed, Portland, kilimteka kabisa: kina kinu cha nyuklia cha utafiti tangu 1968, na wanaokiendesha kwa sehemu kubwa ni wanafunzi wa shahada ya kwanza, wakishafunzwa na kupewa leseni na serikali. Tena pale kila mwanafunzi huandika tasnifu kabla ya kuhitimu, awe wa fizikia au wa fasihi. Mtu asiyesema darasani ana pa kusemea.

Mkienda kutembelea, msiridhike na ile ziara ya ukumbi wa mazoezi na bwalo la chakula. Ombeni kuona korido ya idara ya fizikia, tena jioni. Kwenye chuo kimoja tulikuta kochi limechakaa, ubao umejaa hesabu iliyoachwa katikati, na vijana wawili wakibishana chini chini huku wanakula chipsi. Mwanangu akasimama nyuma yao. Baada ya muda, mmoja wao akamnyooshea kalamu bila hata kumuuliza jina. Kwingine korido ilikuwa safi kama hospitali, milango yote imefungwa. Mimi nikaona inatosha.

Udogo nao una bei yake. Ulizeni kama kozi za juu, mathalani kwanta na sumaku-umeme, hufundishwa kila mwaka au kwa kupokezana, na kama wa mwaka wa kwanza huruhusiwa kushika vyombo vya maabara au huosha tu. Ulizeni pia walioko mwaka wa tatu wanafanya nini kiangazi.

Kuhusu ada, msitishwe na bei ya kwenye tovuti kabla hamjaweka mapato yenu kwenye kikokotoo cha chuo kinachokadiria mtakacholipa hasa. Ila kama mtoto anaomba akiwa Tanzania au Kenya, jueni vyuo vingi huangalia uwezo wa kulipa wakati wa kuwachagua wanafunzi wa kigeni. Vichache, kama MIT na Amherst, haviangalii hilo.

Jambo lililotusaidia kuliko yote ni barua pepe. Watoto hawa huandika vizuri kuliko wanavyosema, basi mwache aandike mwenyewe kwa profesa, aulize swali la fizikia hasa, si la udahili. Wangu aliandika kwa kadhaa. Wengine walimwelekeza ofisi ya udahili. Mmoja alimjibu swali lake, akamrudishia la kwake gumu zaidi, na wiki ile chakula cha jioni tulikula bila yeye.