Kahawa imeshatoka mwilini, dada. Mimi naogopa hiyo chupa

SWALI: Habari musawo (daktari). Nauza chakula sokoni Mbale. Hii ni mimba yangu ya pili, na kliniki wamenihesabia wiki 14. Kwetu mlimani tunalima kahawa, tunaikaanga na kuitwanga wenyewe, na tangu nikiwa msichana nakunywa tumpeko moja, ile magi kubwa, asubuhi na nyingine jioni. Wiki iliyopita mama mmoja anayeuza dawa za miti aliniambia kahawa huganda kwenye damu, kwamba mtoto atazaliwa mweusi mwenye madoa, au mimba itatoka kabisa. Niliacha siku ile ile. Akaniuzia chupa ya kusafisha, ninywe siku saba, na nisimeze vidonge vya kuongeza damu vya kliniki mpaka niimalize. Alinitabiria kuwa kichwa kitauma, na kweli kiliniuma vibaya siku tatu za kwanza. Pia naharisha. Anasema ni sumu inatoka. Leo ni siku ya tano. Niendelee? Na je, nimeshamdhuru mtoto?

JIBU: Usiendelee, hata kijiko kimoja. Rudia vidonge vyako vya damu leo, na kesho asubuhi fika kliniki hata kama tarehe yako ya kurudi bado. Sababu zinafuata, lakini hayo yasingoje umalize kusoma.

Nina miaka kumi na sita nyuma ya kaunta ya dawa hapa Kampala, na swali la kahawa na mimba niliacha kulihesabu zamani. Wengi wanaoliuliza hawaulizi kiasi. Wanaiona kahawa kama mwiba: umeingia mwilini, sasa atafutwe wa kuutoa. Na mtu akishaamini kuna mwiba, mwenye sindano ya kuutolea hachelewi kufika.

Nianze na kichwa, kwa sababu hapo ndipo huyo mama alipokushika. Mtu aliyezoea kahawa kila siku akiiacha ghafla, kichwa huanza kumgonga ndani ya saa 12 hadi 24. Maumivu hukolea siku ya kwanza au ya pili, na kwa wengine husumbua hadi siku ya tisa, pamoja na usingizi, uchovu na hasira zisizo na sababu. Ungeumwa vivyo hivyo hata kama chupa ile ingekuwa na maji ya bomba. Ni ubongo unadai ulichouzoesha. Muuzaji ameona wanywaji kahawa wangapi wakiacha? Anajua wengi wataumwa kichwa, basi anakutabiria mapema, na utabiri ukitimia unamwamini kwa yote mengine. Ujanja huu nimeuona kwa wauza dawa za kupunguza unene na za kutoa nyongo, na kila ninapokutana nao nakasirika upya, kwa sababu maumivu ya mteja ndiyo yanayogeuzwa kuwa ushahidi.

Kuharisha, hiyo ndiyo kazi ya chupa. Miti mingi inayoitwa ya kusafisha ni ya kuendesha tumbo tu. Kinachotoka ni chakula, maji na chumvi za mwili wako, vitu ambavyo wewe na mtoto mnavihitaji.

Hata hivyo siwezi kukupima kwa barua. Mjamzito wa Uganda akiumwa kichwa, apimwe malaria kwanza, na wewe kapimwe hiyo kesho. Baadaye, mimba ikishapita wiki 20, ukipata kichwa kikali, ukaona ukungu machoni, au uso na mikono ikavimba, usikae ukijiuliza kama ni kahawa. Hiyo yaweza kuwa presha ya mimba. Nenda kituo cha afya usiku huo huo.

Sasa hiyo sumu inayotoka. Kafeini, ile kemikali ya kahawa inayochangamsha, haigandi kwenye damu. Ini lina vimeng'enya vinavyoivunja, kisha mabaki yanatoka kwa mkojo. Kwa mtu mzima asiye na mimba, nusu ya kafeini aliyokunywa huondoka kwa saa tano hivi. Mimba hupunguza kasi hiyo, na miezi ya mwisho nusu hiyo yaweza kuchukua kama saa 15: kahawa ya saa sita mchana, nusu yake bado unayo saa tisa usiku. Tukupigie hesabu kwa saa hizo 15 ingawa hujafika huko. Siku tano ni saa 120, maana yake nusu imeondoka mara nane. Kama ulikuwa na miligramu 500, zimebaki kama 2. Kipande cha chokoleti kina zaidi ya hapo. Siku ya sita na ya saba ungekuwa unasafisha nini?

Tena hakuna mti ninaoujua wa kulihimiza ini lifanye kazi hiyo haraka. Kinachojulikana kwa hakika kuharakisha uvunjaji wa kafeini ni moshi wa sigara, na sidhani huyo mama ndicho anachokuuzia. Mtoto tumboni hana vimeng'enya hivyo vya ini. Kafeini inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia, na anategemea ini lako limwondolee. Ini hilo hilo ndilo unalolipelekea miti isiyo na majina.

Kuhusu rangi ya mtoto sitasema mengi. Ataichukua kwako na kwa baba yake. Kama kinywaji kingekuwa na nguvu hiyo, maziwa nayo yangefanya kinyume, na wauza krimu za kung'arisha ngozi wangefunga maduka.

Haya, huyo mama nimemsema, nawe usidhani umepona. Ulikuwa unazidisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, linamtaka mjamzito anayepitisha miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze. Waingereza, na madaktari wa uzazi wa Marekani, wanasimama kwenye 200, na mimi huwaambia wateja wangu 200 kwa sababu hakuna anayepima kijiko nyumbani. Kwa hesabu ya huduma ya afya ya Uingereza, magi moja ya kahawa ya kuchuja ina kama miligramu 140, ya unga wa kukoroga 100, na ya chai 75. Watu husoma hapo wakasema, mimi nakunywa vikombe viwili tu. Vikombe gani? Magi yao ni ya robo lita hivi. Tumpeko yetu ni nusu lita. Tumpeko mbili zilizojaa ni karibu magi nne, na ukiitwanga nzito kama wanavyoipenda kwenu, hesabu inapita 500 bila shida. Una bahati kwamba kahawa ya Mlima Elgon ni arabika. Robusta, inayolimwa huku kwetu kuzunguka Ziwa Victoria, ina kafeini karibu mara mbili yake.

Je, umemdhuru? Kafeini nyingi imehusishwa na mimba kutoka na watoto kuzaliwa chini ya kilo 2.5, na hatari hupanda kadiri kiasi kinavyopanda. Lakini kuhusishwa si kuhukumiwa. Mimba inayokwenda vizuri mara nyingi humletea mama kichefuchefu, na wa kichefuchefu huikimbia kahawa. Ambaye mimba yake ilikuwa na kasoro tangu mwanzo huenda asisikie kichefuchefu, akaendelea kunywa, na mimba ikitoka kahawa ndiyo inayolaumiwa. Kutenganisha hayo mawili si rahisi. Mwaka 2007 Denmark walichapisha jaribio la wajawazito zaidi ya 1,200 waliozoea vikombe vitatu au zaidi kwa siku: baadhi walipewa kahawa iliyotolewa kafeini, wengine ya kawaida, katika nusu ya pili ya mimba. Uzito wa watoto haukutofautiana kwa maana. Hilo halikupi ruhusa ya kurudia tumpeko zako, kwa kuwa halikugusa miezi ya mwanzo. Linaonyesha tu kwamba kuhusishwa peke yake hakuthibitishi kuwa jambo limeshaharibika. Mimba nyingi zinazotoka hutoka kabla ya wiki ulizofika, na wewe umeshapita hapo.

Ukitaka kahawa tena, kunywa nusu tumpeko asubuhi, basi. Kichwa kimeshapoa, usikirudishe kwenye mateso yale kwa kunywa nyingi na kuacha tena ghafla. Jioni kunywa chai ya rangi iliyo nyepesi kabisa, au uji.

Na usihamie kwenye vitu vingine ukidhani umetoroka. Hizo soda za nguvu wanazobugia vijana wa boda zina kafeini, na kopo la mililita 250 kwa kawaida lina kama 80. Soma ubavuni mwa chupa, huandikwa kiasi cha kila mililita 100, wewe uzidishe. Vidonge vya Panadol Extra vina miligramu 65 kila kimoja, kwa hiyo aliyeacha kahawa akaumwa kichwa akameza viwili amerudishiwa 130 bila kujua. Mwambie muuza dawa una mimba, akupe parasetamoli tupu. Ukienda kwa wakwe Buganda wakakuletea kikapu cha emmwanyi, buni za kutafuna, chukua punje moja mbili za heshima. Ni robusta, na punje unaimeza yote, haichujwi. Mbili hazina neno, kutembea nazo mfukoni kutwa ndiko sikutaki.

Chai nayo nina kesi nayo. Wengi wanaoogopa kahawa hukimbilia chai, wakainywa pamoja na chakula na vidonge vya damu juu yake. Chai hufunga madini ya chuma, ambayo ndiyo yaliyomo kwenye vidonge hivyo, kuliko hata kahawa, yakapita tumboni bila kuingia mwilini. Vidonge vimezwe kwa maji, au kwa maji ya ndimu au chungwa, chai na kahawa zingoje saa mbili. Kliniki wakipima damu yako wakaikuta chini, usishangae: siku tano za kuharisha na bila kidonge hata kimoja hazikukusaidia.

Nirudi kwenye lile neno kusafisha, maana ndilo linalonikosesha usingizi. Hapa Kampala damu husafishwa, mfuko wa uzazi husafishwa, hata mtoto aliye tumboni husafishwa ili asitoke na ule utando mweupe, ambao watu wanadhani ni uchafu wa baba yake au wa mafuta aliyokula mama. Utando ule ni kinga ya ngozi ya mtoto, ameufanya mwenyewe. Soko la Owino utakuta emmumbwa zimepangwa, vijiti vya udongo uliochanganywa na miti, vya kusugua ndani ya maji na kunywa ili nyonga ifunguke. Udongo unaweza kushika madini ya chuma kama chai. Miti iliyomo, muuzaji mmoja na mwingine hawachanganyi sawa, na katika miti ya wajawazito ipo inayokaza mfuko wa uzazi. Mwenye kovu la upasuaji akimeza hiyo, mfuko unaweza kupasuka.

Sisemi miti yote ni mibaya. Tangawizi kidogo kwa kichefuchefu naiunga mkono, na kahawa yenyewe ni mti. Tofauti ni kwamba ya kahawa tunajua imebeba nini, kwa kiasi gani, na inatoka mwilini lini. Mteja mmoja aliwahi kuniomba kitu cha kutuliza tumbo linalokaza na kuachia. Mimba ilikuwa ya wiki 30, na kwenye mkoba alikuwa na chupa ya soda yenye maji ya kahawia, ya kumwandaa mapema. Nilimpakia kwenye gari kwenda hospitali bila kumwuzia chochote. Alijifungua usiku ule.

Kinachonitisha zaidi kwako si hata kuharisha. Ni lile sharti la kuacha vidonge vya kliniki. Mtu anayekuuzia kitu kwa masharti ya kuacha cha kliniki amekutoa kwenye macho ya wanaokupima. Leo ni vidonge vya damu. Kesho atakuambia usimeze Fansidar ya kuzuia malaria, na kwa wiki zako hizi ndio unaanza kupewa, na malaria ya Mbale haingoji chupa iishe. Wapo wanaokuja kuanza kliniki mwezi wa saba kwa sababu walikuwa hawajamaliza kusafishwa.

Chupa usiimwage. Ifunge vizuri, nenda nayo kesho, umwonyeshe mkunga na umwambie ulikunywa vijiko vingapi kwa siku. Mwambie na hizo tumpeko, asije baadaye akakuta uzito wako au wa mtoto uko chini, akakosa pa kuanzia. Na huyo mama akikuuliza mbona hukuimaliza, mwulize ni mti gani.