Baba auze korosho nirudie SAT?

Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hesabu), Divisheni wani ya pointi 4. Agosti nilipanda basi kutoka Newala hadi Dar es Salaam kufanya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, kwa laptopu ya kuazima. Nimepata 1310 kati ya 1600: hesabu 720, kusoma na kuandika 590. Nataka kuomba chuo cha MIT, Marekani, na wanaochukuliwa kule wengi wana zaidi ya 1500. Baba anataka kuwauzia kangomba, wale walanguzi wanaonunua nje ya mnada, korosho zetu ili nirudie Oktoba. Usingizi sipati. Nirudie au niachane nayo?
Mhitimu, Newala

Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa mzuie baba. Kangomba atampa bei ya mtu mwenye shida, na biashara yenyewe ni haramu kisheria. Minada ikianza ataumia akisikia wenzake wameuza kwa kiasi gani. SAT ipo tena mwanzoni mwa Desemba, na MIT hupokea maombi hadi mwanzoni mwa Januari. Korosho zipite ghalani kama kawaida, na ada ya mtihani, ambayo inazidi dola 100, itoke kwenye malipo ya mnada.

Rudia, lakini mara moja tu. Hesabu umeiweza. Kilichokuvuta chini ni ile 590, na sishangai. Nimefundisha hesabu Masasi miaka 27. Mtoto wa PCM anakaa miaka miwili na fomula, Kiingereza cha kusoma anakutana nacho kwenye GS (General Studies) tu. SAT ya siku hizi ina vifungu vifupi, kila kimoja na swali lake, maswali 54 kwa dakika 64. Soma vya aina hiyo kila siku, hata vya mashairi unavyovikimbia. Mazoezi ya tovuti ya Khan Academy ni ya bure. Nusu ya kwanza ya kila sehemu ndiyo inayoamua upewe maswali ya ugumu gani kwenye nusu ya pili, kwa hiyo anza kwa utulivu. Usiache swali wazi, maana kukosea hakukatwi alama. Halafu MIT huangalia alama yako ya juu katika kila sehemu, hata kama ni za siku tofauti. Hiyo 720 ni yako tayari, hata Desemba hesabu ikikuendea vibaya.

Ila usiombe MIT peke yake. Wanachukua chini ya watu 5 katika kila waombaji 100, na wenye 1580 wanaachwa pia.

Nikueleze jambo linaloniuma hadi leo. Mwaka 2019 binti niliyemfundisha alinionyesha 1290 yake, anataka University of Chicago. Nikamwambia asijisumbue, akanisikiliza, hakuomba. Kumbe chuo hicho kiliacha kulazimisha alama hizo tangu 2018. Angeweza kuomba bila kuzitaja. Nilimfungia mlango ambao wenyewe walikuwa wameuacha wazi, kwa kuwa mimi mwalimu wake sikwenda kusoma masharti.

Wewe yasome, chuo kwa chuo. MIT na Harvard wamerudi kuidai SAT. Bowdoin, chuo kidogo cha jimbo la Maine, hakijailazimisha tangu 1969, na tangu 2022 hata mwombaji kutoka nje ya Marekani haangaliwi kwanza kama ana fedha. Akichaguliwa, pengo la ada asiloweza kulipa linazibwa na chuo. Chuo cha namna hiyo kiwe kwenye orodha yako.

Tena wanaosoma maombi hawasomi namba tupu. Wanataka kujua umeipata wapi. Mwombe mkuu wa shule aandike kwenye barua yake darasa lilikuwa na wanafunzi wangapi, maabara ina nini, na kama yupo mwingine pale aliyewahi kufanya SAT. Asipambe, aeleze tu. Na kama ni wewe unayemsomea baba risiti za chama cha msingi cha ushirika na kumpigia hesabu ya makato, hiyo ndiyo insha yako.

Maombi ya vyuo vya hapa nyumbani na ya mkopo usiyaache yapite. Dirisha la TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) halimsubiri anayengoja majibu ya Marekani.

Msalimie baba. Mwambie mwalimu amesema magunia yaende ghalani.