Kabla ya kulaumu simu: kuchagua na kurekebisha emuleta za gemu za zamani

PlayStation yetu ya kwanza, nyumbani Tandika, ilifika mahali haisomi CD mpaka uigeuze kichwa chini. Kazi hiyo ilikuwa ya kaka. Anaweka CD, anafunga kifuniko, anaigeuza polepole kwa mikono miwili, halafu wote tunanyamaza tusikilize kama CD imeshika mzunguko. Ikishika, kelele nyumba nzima. Isiposhika, anairudisha na kuanza upya. Fundi alikuja kutueleza sababu: kile kitoroli cha plastiki kinachobeba lenzi kilikuwa kimelika, lenzi inalala upande, na ukiigeuza mashine uzito wake unairudisha mahali pake. Mwisho hata kugeuza hakukusaidia tena. Ndani mlikuwa na kutu kila kona, ile kutu ya hewa ya chumvi ambayo mtu yeyote wa Dar anaijua kwenye mabati na mageti yake.

Miaka mingi baadaye nilizirudia gemu zile zile kwa emuleta, yaani programu inayoifanya simu au kompyuta ijifanye mashine ya zamani. Tangu hapo nimekaa na majirani, wapwa zangu na vijana wa mtaani, kila mmoja na simu yake iliyogoma. Karibu wote huanza na neno moja: simu yangu haina nguvu. Mara nyingi simu haina kosa lolote. Kosa liko kwenye faili, au kwenye mpangilio mmoja alioubadilisha bila kujua.

Kwanza kuchagua. Ukiniuliza emuleta gani ni nzuri kuliko zote, nitakuuliza unataka kucheza gemu gani, na ilikuwa ya mashine gani. Kila mashine ina uzito wake. Emuleta ni mkalimani: kila agizo lililoandikwa kwa prosesa ya zamani linageuzwa liwe la prosesa yako, na picha na sauti zifike kwa wakati, mara 50 au 60 kwa sekunde. PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani Desemba 1994, ilikuwa na prosesa ya megahezi 33 na ushee na memori ya megabaiti 2. Simu ya kawaida ya leo inambeba mzee huyo bila shida. PlayStation 2 ya mwaka 2000 ni habari nyingine, kwa sababu ndani yake kuna prosesa kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja, na mkalimani wako anatakiwa azifuate zote bila kuchelewa hata moja.

Kwa mashine za kaseti, kama Famicom na ndugu zake tuliozichomeka kwenye TV za kichogo, Mega Drive, Super Nintendo na Game Boy Advance, karibu simu yoyote inatosha. Snes9x ni nyepesi kwa Super Nintendo, na mGBA naiamini kabisa kwa Game Boy Advance. Kwa PlayStation ya kwanza natumia DuckStation kwenye kompyuta. Kwenye simu dhaifu natumia PCSX-ReARMed, ambayo ni mojawapo ya injini unazopakia ndani ya RetroArch, programu moja inayokusanya emuleta za mashine nyingi. Gemu za PSP, ile PlayStation ya kushika mkononi, zina PPSSPP, aliyoianzisha Henrik Rydgård mwaka 2012, na hiyo ndiyo emuleta ninayompa mtu ambaye hajawahi kugusa kitu hiki. Ya bure inatosha. Ile ya kulipia inachezesha gemu zile zile, ila unakuwa umemuunga mkono aliyeitengeneza. PlayStation 2 ichezee kwenye kompyuta kwa PCSX2. Kwenye Android kulikuwa na AetherSX2, lakini mtengenezaji wake aliacha kazi mwanzoni mwa 2023, na inataka mfumo wa biti 64. Kuna simu za bei nafuu zilizowekewa mfumo wa biti 32 hata kama chipu yake inaweza zaidi; kama yako ni hiyo, usihangaike nayo. Wenye iPhone nao walifunguliwa mlango Aprili 2024, Apple iliporuhusu emuleta kwenye duka lake.

RetroArch naipenda, ina kila kitu. Lakini menyu zake zinamchosha mgeni, naye atabadilisha mambo matatu kwa mara moja kisha asijue lipi limeharibu. Anza na emuleta ya mashine moja, izoee, ndipo uhamie huko.

Na programu inayodai kuchezesha PlayStation 5 kwenye simu ya laki mbili, ifute. Itakuonyesha matangazo, itakuomba ruhusa ya majina na meseji zako, gemu hutaiona.

Kuhusu gemu zenyewe, nasema ninavyofanya mimi. CD za PlayStation ya kwanza zinasomeka kwenye draivu ya CD ya kompyuta, basi nilinunua draivu ya nje ya USB pale Kariakoo na kunakili CD zetu moja moja, zile ambazo bado zilikuwa hazijachubuka. Emuleta na gemu ni vitu viwili tofauti kisheria. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliipa haki kampuni ya Connectix dhidi ya Sony kuhusu emuleta yao ya PlayStation, lakini gemu inabaki kuwa kazi ya mtu yenye hakimiliki yake. Nakala ya CD yako mwenyewe ina faida nyingine pia: unajua imetoka wapi na kama imekamilika.

Suala hilo la kukamilika ndilo linalonipeleka kwa mpwa wangu wa Mbagala. Alikuja Jumamosi moja, hata shikamoo aliitoa akiwa bado anavua viatu.

"Anko, simu yangu ni mbovu. Gemu inacheza lakini muziki hautoki."

"Sauti nyingine zinatoka?"

"Zinatoka. Magari yanalia, breki zinalia. Muziki tu."

Nikajua hapo hapo kwamba simu ni nzima. Gemu nyingi za PlayStation ya kwanza ziliweka muziki wake kama nyimbo za CD ya kawaida, nyuma ya data ya gemu. Ukiinakili unapata faili kubwa la bin, au mabin kadhaa, pamoja na kijifaili kidogo cha cue. Hicho cha cue ni maandishi matupu, mistari michache tu, kazi yake kuiambia emuleta wimbo upi uko kwenye faili gani. Tulikifungua kwenye programu ya kuandikia. Mstari wa kwanza ulianza na neno FILE, kisha jina refu la faili ndani ya alama za kunukuu. Nikamwambia alisome, halafu alinganishe na jina lililoko kwenye folda. Kumbe alikuwa amelibadilisha jina la bin liwe fupi, apendavyo yeye, na kile cha cue kikabaki kinatafuta jina la zamani. Cue ilipogoma kufunguka akaifungua bin moja kwa moja, ndiyo maana gemu ilicheza bila nyimbo. Tuliandika jina jipya kwenye mstari ule, tukahifadhi, tukafungua gemu kwa kubonyeza cue. Muziki ukaja kabla hata menyu haijamaliza kujichora.

Ukiwa na mabin mengi, utageuza yote pamoja na cue yake kuwa faili moja la chd. Linapungua ukubwa, na hakuna tena majina ya kupotezana.

Desturi yangu ni hii: gemu ikigoma, jaribu kwanza gemu nyingine ya mashine ile ile. Nyingine ikifunguka, tatizo ni faili la ile ya kwanza. Zikigoma zote, angalia biosi. Hii ni programu ndogo iliyokuwa ndani ya mashine yenyewe, ile inayowaka kabla ya gemu, na baadhi ya emuleta, DuckStation ikiwemo, hazianzi bila hiyo. Biosi ya PlayStation ya kwanza ni kilobaiti 512 kamili. Ukiona yako ni kilobaiti 200, au bado imefungwa ndani ya zip, hapo ndipo kioo cheusi kinapotoka. RetroArch inaitaka kwenye folda yake ya mfumo na kwa jina inalolijua, kwa mfano scph5501.bin kwa gemu za Marekani na scph5502.bin kwa za Ulaya. Halafu badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Nalisisitiza hili kwa sababu nimekuta simu zenye mipangilio ishirini iliyovurugwa, na dawa ikawa kurudisha yote ya mwanzo.

Gemu ikienda kwa kukwama, kwanza angalia inaanza lini. Ikiwa inaenda vizuri dakika kumi ndipo inachechemea, hilo ni joto. Chumba chenye bati, Januari, simu iko kwenye chaji na ndani ya kava nene: prosesa inajipunguza kasi ili isiungue. Vua kava, chomoa chaji, kaa karibu na feni. Zima pia hali ya kuokoa betri.

Ikiwa inakwama tangu mwanzo, punguza ukubwa wa picha. Kioo cha PSP kilikuwa na nukta 480 kwa 272. Ukiweka mara 2, simu inachora nukta mara 4. Ukiweka mara 3, inachora mara 9. Vijana wengi huweka kubwa kuliko zote siku ya kwanza kwa sababu picha inapendeza, kisha wanasema simu ni mbovu. Rudi kwenye mara 1, uone. Halafu jaribu kubadilisha njia ya kuchora, kutoka Vulkan kwenda OpenGL au kinyume chake, maana chipu za picha hazifanani na hakuna iliyo bora kwa simu zote. Kuruka fremu, yaani kuacha kuchora baadhi ya picha, naweka mwisho kabisa, kwa sababu macho yanachoka na mkono unapoteza wakati wake.

Sauti ikichelewa nyuma ya kidole, vua spika za masikio za Bluetooth uvae za waya. Mara nyingi linaishia hapo.

Kuna na lalamiko la kinyume: gemu inakwenda haraka mno. Rafiki yangu wa Magomeni alikuwa na hakika kwamba emuleta imeharibika, kwa kuwa gemu ya utotoni mwake ilikuwa taratibu zaidi. Kumbukumbu yake ilikuwa sahihi. Matoleo ya Ulaya, ya mfumo wa TV wa PAL ambao ndio tuliokuwa nao, yalikwenda fremu 50 kwa sekunde, ya Marekani na Japani 60, na watengenezaji wengi hawakusumbuka kurekebisha kasi. Alichokuwa amepata safari hii ni toleo la Marekani. Aliambiwa abaki nalo, ndiyo kasi waliyoikusudia walioitengeneza, akakataa. Akatafuta CD yake ya Ulaya na kuinakili, na mimi naona alikuwa na haki.

Mwisho ni kuhifadhi, na hapa nimeumia mwenyewe. Emuleta inakupa njia mbili. Moja ni kugandisha kila kitu papo hapo, popote ulipo. Ya pili ni kuhifadhi ndani ya gemu yenyewe, kama zamani kwenye memori kadi. Nilitegemea ya kwanza peke yake miezi kadhaa. Emuleta ikapata toleo jipya, na migandisho yangu yote ikakataa kufunguka. Siku hizi nagandisha kwa urahisi tu, lakini kila nikimaliza kucheza nahifadhi pia ndani ya gemu, na kabla ya kufuta au kusasisha programu nanakili folda nzima. Kwenye PPSSPP inaitwa SAVEDATA, ndani ya folda ya PSP. Umeme nao ukikatika katikati ya mchezo kwenye kompyuta ya mezani, ulichokuwa umekihifadhi kabla ndicho utakachokikuta.

Memori kadi nzima ya PlayStation ya kwanza ni kilobaiti 128. Ya kwangu naituma kwa kaka kama faili kwenye WhatsApp kila Jumapili jioni, bando halihisi kitu. Yeye yuko Kigamboni, anaipakia kwenye kompyuta yake, anacheza kuanzia nilipoishia, na Jumapili inayofuata ananirudishia.