Tatizo si kina cha maji
Umeuliza kwa nini India na Sri Lanka hazijengi daraja ilhali kutoka Dhanushkodi, India, hadi Talaimannar, Sri Lanka, ni kama kilomita 30 tu, tena maji mafupi. Ugumu uko kwenye kile kinachoyafanya maji hayo yawe mafupi: pale pana mafungu ya mchanga yaitwayo Ram Setu, na kwa Wahindu wengi ni mahali patakatifu. Kupigilia nguzo juu yake kutazua kesi na hasira. Halafu vimbunga! Kile cha Desemba 1964 kiliifuta Dhanushkodi, kikasomba treni nzima na abiria wake. Roho huniuma kila nikikumbuka. Kwa maoni yangu waimarishe kwanza feri ya Nagapattinam, India, hadi Kankesanthurai, Sri Lanka, iliyoanza 2023.